Yatima wa Sabaki na kobe Mzee: Urafiki uliozaliwa na tsunami na funzo lake kwa Pwani

WAHENGA walinena kwamba yatima hadeki. Walimaanisha kuwa aliyepoteza wazazi hana wa kumwendekeza. Hujifunza mapema kunyamaza, kula anachopewa na kulala pale anapoonyeshwa. Lakini mwishoni mwa mwaka wa 2004, katika ufuo wa kusini mwa Ngomeni, karibu na mji wa Malindi, alipatikana yatima aliyeikiuka methali hiyo. Alimdekea mzee ambaye hakuwa jamaa yake wala hakumwomba aje.

Yatima huyo alikuwa mtoto wa kiboko mwenye umri wa takriban mwaka mmoja, aliyekuja kuitwa Owen. Mzee aliyemdekea alikuwa kobe mkubwa wa kiume mwenye umri uliokadiriwa kuwa miaka 130, naye jina lake lilikuwa Mzee. Mmoja ni mnyama anayezaliwa na kunyonyeshwa, mwingine huanguliwa kutoka kwenye yai na kuachwa ajitafutie. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka miwili wawili hao walikula pamoja, walioga pamoja na kulala wameegemeana huko Bamburi, Mombasa.

Kisa chao kilienea duniani kote, na mara nyingi kimesimuliwa kama muujiza. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kilivyotokea, kwa nini kiliwezekana, na kwa nini urafiki huo ulilazimika kukatizwa. Aidha, yatauliza kama sisi wakazi wa ukanda uleule tumejifunza lolote kutokana nacho.

SIKU BAHARI ILIPOGEUKA

Anayetoka Ngomeni, kijiji cha wavuvi kinachojulikana pia kwa viwanda vya chumvi na kwa kituo cha anga za juu cha San Marco, hupita Gongoni na Mambrui kabla ya kufika kwenye daraja la mto Sabaki. Mto huo ndio ule unaoitwa Athi katika nyanda za juu na Galana unapokatiza mbuga ya Tsavo. Humwaga maji yake mekundu yenye matope katika Bahari Hindi, kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi. Viboko ni wakazi wa kale wa mto huo.

Katika mwezi wa Desemba mwaka 2004 mvua kubwa ilinyesha bara na mto ukafurika. Kundi dogo la viboko lilishuka na maji hayo hadi kwenye mlango wa mto, mahali maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi. Wakazi waliwaona viboko hao, akiwemo ndama mmoja, wakila nyasi karibu na ufuo. Kulikuwa na jitihada za kuwafukuza warudi juu mtoni, lakini hawakuondoka.

Ndipo ikaja Jumapili ya tarehe 26 Desemba. Alfajiri ya siku hiyo, kwa saa za hapa kwetu, tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitikisa sakafu ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia. Mawimbi ya tsunami yaliyotokana nalo yaliua zaidi ya watu 220,000 katika nchi zinazopakana na Bahari Hindi. Yalihitaji zaidi ya saa nane kulivuka bahari hadi Afrika Mashariki, na yalipofika nguvu zake zilikuwa zimepungua. Somalia ilipoteza mamia ya watu. Hapa Kenya aliripotiwa kufa mtu mmoja. Hata hivyo, wavuvi wa pwani yetu waliona maji yakipwa na kujaa nje ya wakati wake, na vyombo vikang'olewa kwenye nanga.

Kesho yake, Jumatatu, lile kundi la viboko halikuonekana tena. Aliyebaki alikuwa yule ndama peke yake, akihangaika kwenye mwamba wa matumbawe baharini.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja. Wengi husema kwamba tsunami ndiyo iliyomfikisha kiboko huyo baharini. Ukweli ni kwamba mafuriko ya mto ndiyo yaliyoishusha familia yake hadi pwani. Mawimbi yalikuja kumalizia, yakamtenga na mama yake. Kiboko, ingawa huishi majini mchana kutwa, si muogeleaji stadi. Hutembea na kurukaruka kwenye sakafu ya mto. Akitupwa katika maji yenye kina na chumvi, hana pa kukanyaga wala maji ya kunywa.

Mamia ya watu walikusanyika ufuoni. Wavuvi, maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), wakazi na watalii walishirikiana kutwa nzima kwa mashua, kamba na nyavu. Mtoto yule, ingawa mdogo kwa viboko, alikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, utelezi kama samaki na hasira ya kiumbe aliyeogopa. Nyavu zilimpita na nyingine akazichana. Hatimaye mmoja wa waliojitolea alimrukia na kumkumbatia hadi wenzake walipofaulu kumfunika kwa wavu. Mtu huyo aliitwa Owen, na kiboko akapewa jina lake. Watu walishangilia kwa kishindo.

USIKU WA KWANZA BAMBURI

Swali lililofuata lilikuwa gumu kuliko uokozi wenyewe: apelekwe wapi? Ndama wa kiboko hubaki na mama yake kwa miaka kadhaa, na katika umri wa mwaka mmoja bado anajifunza malisho, hatari na adabu za kundi. Kumrudisha mtoni peke yake kungekuwa kumhukumu kifo. Kumtia katika kundi geni kusingekuwa afueni, kwa sababu kiboko dume mwenye eneo lake humwona dume mgeni, hata akiwa mtoto, kama mshindani, na aweza kumuua.

Maafisa waliwasiliana na hifadhi ya Haller Park iliyoko Bamburi, mwendo wa takriban kilomita 100 kusini mwa Malindi. Hifadhi hiyo ina historia yake ya kufufua vilivyokufa. Ilikuwa machimbo ya mawe ya chokaa yaliyotumiwa na kiwanda cha saruji cha Bamburi tangu mwaka wa 1954. Mnamo 1971, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti katika jangwa hilo la mawe. Mivinje ndiyo iliyostahimili, na majongoo waliotafuna majani yake makavu wakasaidia kutengeneza udongo mpya. Miaka ilivyopita, machimbo yakawa msitu wenye mabwawa na wanyama.

Wakati huo hifadhi ilikuwa ikisimamiwa na Dkt Paula Kahumbu, mtaalamu wa ikolojia Mkenya. Owen alisafirishwa akiwa amefungwa nyuma ya gari la pikapu, akafika akiwa amechoka, amechubuka na amechanganyikiwa. Alipelekwa katika ua uliokuwa na bwawa, tope la kugaagaa na miti mirefu. Humo walikuwamo tumbili, pongo na kobe mmoja mkubwa aliyezoea kuishi maisha yake bila bughudha.

Kamba zilipokatwa, Owen hakukimbilia maji wala kichaka. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya kobe yule akajibanza, kama ndama wa kiboko ajibanzavyo nyuma ya mama yake anapoona hatari.

Mzee hakupendezwa. Alitoa sauti ya kufoka, kama ilivyo desturi ya kobe anapoudhiwa, akajikokota kwenda mbele. Owen akamfuata. Mzee akaondoka tena, na Owen akafuata tena. Usiku ukapita hivyo. Asubuhi watunzaji walipofika waliwakuta wawili hao wamekaa ubavu kwa ubavu.

Katika siku zilizofuata Owen alikataa chakula. Stephen Tuei, mtunzaji wa wanyama aliyekuwa karibu sana na Mzee, na wenzake walikuwa na wasiwasi. Mtoto yule alianza kula alipomwona Mzee akila. Alisimama kando yake, akatazama, kisha akatia mdomo kwenye majani yaleyale.

MZEE ALIKUWA NANI?

Msomaji wa Pwani asichanganye kobe huyu na kasa. Kasa ni wa baharini, na wako wengi wanaotaga katika fuo za Watamu. Mzee alikuwa kobe wa nchi kavu wa jamii ya Aldabra, kisiwa cha matumbawe katika nchi ya Shelisheli. Zamani makobe wakubwa walipatikana katika visiwa vingi vya Bahari Hindi. Mabaharia waliwabeba wakiwa hai kama akiba ya nyama safarini, kwa kuwa waliweza kukaa muda mrefu bila chakula wala maji, na katika visiwa vingi wakaangamizwa. Aldabra, iliyotambuliwa na Unesco mwaka wa 1982 kuwa urithi wa dunia, imebaki na idadi inayokadiriwa kuwa makobe 100,000.

Umri wake wa miaka 130 ulikuwa makadirio, lakini si jambo la ajabu kwa jamii hiyo. Jonathan, kobe maarufu wa kisiwa cha Saint Helena, anaaminika kuwa aliangluliwa karibu na mwaka 1832. Iwapo makadirio ya Mzee yalikuwa sahihi, basi alianza maisha wakati Sayyid Barghash akitawala Zanzibar na ukanda huu wa pwani, zaidi ya miaka 20 kabla ya reli kuanza kujengwa Mombasa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Mzee hakuwa na silika ya ulezi. Kobe jike hutaga mayai, huyafukia, kisha huenda zake. Kifaranga huanguliwa akiwa peke yake na humaliza maisha yake bila kumjua mama wala baba. Zaidi ya hayo, Mzee mwenyewe alijulikana kwa upweke wake. Hakuwa na mazoea na wanyama wenzake, na miongoni mwa watu ni Tuei aliyejua kumkuna shingoni akatulia. Kama kungekuwa na mashindano ya kumteua mlezi wa yatima, hakuna ambaye angempigia kura.

KWA NINI MTOTO ALIMFUATA?

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa yalihusu umbo. Kobe wa Aldabra ni mkubwa, wa rangi ya kijivu na mgongo wa mviringo. Mtoto aliyekuwa akitafuta kivuli cha mama huenda aliona kitu kilichofanana na kiboko aliyelala.

Wako waliokumbuka pia utafiti wa Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria. Katika miaka ya 1930 alionyesha kwamba vifaranga vya bata bukini humfuata kiumbe wa kwanza wanayemwona akitembea baada ya kuanguliwa, hata awe mwanadamu. Lakini maelezo hayo hayamtoshi Owen. Hakuwa kifaranga wa siku moja. Alikuwa ameishi na mama yake kwa takriban mwaka mzima na bila shaka alimjua.

Yanayokaribia zaidi ni matokeo ya utafiti wa Harry Harlow wa Marekani katika miaka ya 1950. Harlow aliwatenga watoto wa kima na mama zao, akawapa sanamu mbili. Moja ilikuwa ya waya mtupu iliyotoa maziwa. Nyingine ilifunikwa kitambaa laini lakini haikuwa na chakula. Watoto wale waliiendea ya waya kunyonya tu, kisha wakarudi kuikumbatia ya kitambaa kwa saa nyingi. Walipotishwa, waliikimbilia hiyohiyo. Majaribio hayo yalilaumiwa baadaye kwa ukatili wake, lakini yaliacha fundisho kwamba mtoto mwenye hofu hutafuta kwanza mahali pa kuegemea, na chakula huja baadaye.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Owen. Hakula hadi alipopata wa kusimama kando yake. Mzee hakumpa maziwa wala hakumtetea dhidi ya adui yeyote. Alichompa ni mwili mkubwa, mtulivu, usiomkimbia kwa kasi na usiomdhuru. Baada ya kufoka mara kadhaa alimvumilia, na uvumilivu huo ukatosha kuwa mlango.

Si kila mapenzi ya namna hii huleta heri. Katika mbuga ya Samburu, simba jike aliyeitwa Kamunyak alimchukua mtoto wa choroa akawa anamlinda badala ya kumla. Simba huyo hakuwinda kwa kuogopa kumwacha mtoto. Baada ya majuma mawili hivi choroa yule aliuawa na simba mwingine. Tofauti ya Bamburi ni kwamba kobe na kiboko wote hula nyasi na majani, wote hupenda maji na tope, na palikuwa na watu waliowatazama kila siku.

LUGHA YA WAWILI

Baada ya miezi michache uhusiano ule ulibadilika. Awali Owen ndiye aliyefuata, lakini baadaye Mzee naye alianza kumfuata Owen. Watunzaji waliona ishara ambazo hawakuwa wamezizoea katika jamii yoyote kati ya hizo mbili. Owen alipotaka waondoke, alimtafuna Mzee taratibu kwenye mguu wa nyuma. Mzee naye alimng'ata mkia kidogo alipotaka ajongee. Waliitana kwa mngurumo mzito wa chini kwa chini. Mzee alinyoosha shingo, na Owen akamlamba usoni kwa kinywa ambacho kingeweza kuvunja mfupa.

Picha zilizopigwa na Peter Greste, mwanahabari raia wa Australia aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, ziliifikisha habari hiyo mbali. Msichana wa miaka sita nchini Marekani, Isabella Hatkoff, alipoziona alimshawishi baba yake, Craig, waandike kitabu. Wakishirikiana na Dkt Kahumbu na kwa picha za Greste, walichapisha Owen & Mzee mwaka wa 2006. Kikawa miongoni mwa vitabu vya watoto vilivyouzwa sana, na kilitumiwa kuwafariji watoto waliopatwa na misiba.

KUAGANA

Sehemu hii ya mwisho ndiyo isiyosimuliwa sana. Owen alizidi kukua. Kiboko dume aliyekomaa hupita kilo 1,500, na mchezo wake si mchezo tena kwa kobe wa kilo 300 hivi. Akimsukuma kwa furaha anaweza kumpindua au kumpasua gamba.

Hofu ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Owen alikuwa akijifunza kuwa kobe. Alilala usiku kama Mzee, ilhali viboko hutoka usiku kulisha. Asingepata kuijua lugha ya viboko wenzake, angebaki mpweke maisha yake yote baada ya Mzee.

Katika hifadhi hiyo alikuwamo kiboko jike aitwaye Cleo, aliyekuwa naye ameishi bila mwenziwe kwa miaka mingi. Palitengenezwa ua mkubwa zaidi, na mwaka wa 2007 Owen akakutanishwa naye hatua kwa hatua. Alianza kumfuata Cleo kama alivyomfuata Mzee siku ile ya kwanza. Ilipodhihirika kwamba viboko wale wawili wameelewana na kwamba usalama wa kobe uko mashakani, Mzee aliondolewa.

Walioupenda urafiki ule walihuzunika. Lakini kazi ya Mzee ilikuwa imekamilika. Alikuwa daraja la kumvusha mtoto kutoka msiba hadi maisha, na hakuna anayejenga nyumba juu ya daraja.

WAZEE WETU JE?

Kisa hiki kilianzia katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi, ambako uhusiano wa watoto na wazee umeingiwa na sumu. Kwa miaka mingi wazee wa kaunti hiyo wameshambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Mvi na macho mekundu, ambavyo ni dalili za umri na moshi wa jikoni, vimegeuzwa ushahidi. Mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo pana mzozo wa shamba la urithi. Baadhi ya walionusurika walikimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, ambako kulianzishwa makao ya kuwahifadhi. Filamu ya hali halisi iitwayo The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotolewa mwaka wa 2019, inamfuata kijana anayerudi kijijini baada ya nyanya yake kutuhumiwa na watu wa ukoo wake mwenyewe.

Hasara ya visa hivyo huhesabiwa kwa maiti na kwa kesi mahakamani. Iko hasara nyingine isiyoandikishwa popote. Mtoto anayeonywa asipite karibu na boma la mzee fulani, asipokee muwa mkononi mwake wala asiitike salamu yake, hupokonywa kitu alichokipata hata yule ndama wa kiboko. Na mtoto mwenye haya, aliyefiwa au anayechekwa na wenzake, ndiye anayeumia zaidi, kwa maana yeye hahitaji mtu wa kumhubiria. Anahitaji mtu mzima asiye na haraka, atakayemwacha akae kando yake hadi atakapojisikia kusema.

Waswahili husema utu uzima dawa. Wazee wa Ngomeni na Mambrui wanaoketi jioni wakishona nyavu, na akina nyanya wanaosuka makuti barazani, ni dawa hiyo. Wengi wao hawajioni kuwa walezi, kama Mzee asivyokuwa. Wengine watamfokea mtoto siku ya kwanza. Wazazi wamruhusu arudi siku ya pili, wampe sahani ya samaki ampelekee jirani, na wasimwite nyumbani upesi.